Watunzi 8 wa piano wa Urusi na Sovieti ambao huenda hujawahi kuwasikia, na wapi pa kuanzia

Mwaka 1937 mwanamuziki mmoja alipelekwa kwenye kambi za wafungwa za Kolyma, kaskazini mashariki kabisa mwa Urusi, ambako baridi inashuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri na zaidi. Hakuwa na piano. Hakuwa na karatasi za nota. Alichokuwa nacho ni penseli na fomu tupu za telegramu. Juu ya fomu hizo akaandika muziki wa piano wa zaidi ya saa mbili, wote kutoka kichwani.

Aliachiwa mwaka 1939. Muziki wenyewe ulikuja kupigwa wote kwa mara ya kwanza mbele ya watu Desemba 2014, jijini Moscow. Hesabu mwenyewe: miaka 75.

Huyo ni Vsevolod Zaderatsky, na hayuko peke yake. Ukitaja piano ya Urusi, majina yanayokuja haraka ni Tchaikovsky, Rachmaninoff, Prokofiev na Shostakovich. Nyuma yao kuna foleni ndefu ya watu walioandika muziki mzuri, kisha ukakaa sandukuni, ukapotea au ukapigwa marufuku. Leo mwingi unapatikana kwenye simu yako, bure au kwa bei ya bando. Shida ni moja tu: lazima ujue unamtafuta nani.

Hawa hapa wanane, walivyoishi, na kipande kimoja cha kuanzia kwa kila mmoja.

KWANZA, KWA NINI WALISAHAULIKA?

Wengi hudhani muziki ukisahaulika basi haukuwa mzuri. Kwa hawa, sababu zilikuwa nyingine.

Baada ya mapinduzi ya 1917, Urusi ilikuwa na miaka kama kumi hivi ya majaribio makubwa katika sanaa. Watunzi vijana walivunja kanuni za zamani, na serikali haikuwabana sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mambo yakabadilika. Mwaka 1932 chama tawala kikavunja vikundi vyote vya wasanii na kuanzisha umoja mmoja wa watunzi chini ya serikali. Tarehe 28 Januari 1936 gazeti la chama, Pravda, likaishambulia vikali opera ya Shostakovich. Kila mtunzi akaelewa ujumbe. Februari 1948 likaja azimio la chama lililowataja watunzi kwa majina, Prokofiev na Shostakovich wakiwemo, kwa kosa la “ufomalisti”. Neno hilo lilikuwa gunia: muziki wowote ambao wakubwa hawakuupenda ungeweza kutiwa humo.

Wengine walikimbia nchi. Huko ughaibuni walikuta ulimwengu unataka mitindo mipya, wao wakaonekana wamepitwa na wakati. Kwa hiyo waliobaki walinyamazishwa, na walioondoka hawakusikilizwa.

Jambo jingine la kujua: neno “Kirusi” hapa ni pana mno. Kati ya hawa wanane, wanne walizaliwa katika miji ambayo leo iko Ukraine, na mmoja alizaliwa Poland. Wote waliishi chini ya dola moja kwa wakati fulani, ndiyo maana wanawekwa kapu moja.

1. VSEVOLOD ZADERATSKY (1891–1953)

Alizaliwa Rivne, Ukraine ya leo. Alisomea muziki na sheria Moscow, na akiwa bado mwanafunzi alimfundisha muziki Alexei, mtoto wa kiume wa mfalme wa mwisho wa Urusi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa upande wa jeshi lililoshindwa. Mambo hayo mawili yalitosha kumwandama maisha yake yote.

Mwaka 1926 alikamatwa na miswada yake yote ikaharibiwa. Yaani kila alichoandika hadi wakati huo kilitoweka. Alipotoka alianza upya. Mwaka 1937 akiwa mwalimu mjini Yaroslavl akakamatwa tena, na kosa lilikuwa kueneza “muziki wa kifashisti”. Okestra ya wanafunzi wake ilikuwa imepiga kazi za Wagner na Richard Strauss, watunzi wa Kijerumani. Basi, hilo tu. Akapelekwa Kolyma.

Familia yake inasimulia kwamba alikuwa msimuliaji hodari wa hadithi, na kipaji hicho ndicho kilichowafanya walinzi wampe karatasi. Alichoandika ni preludi na fuga 24. Preludi ni kipande kifupi cha kufungulia. Fuga ni muziki wa sauti kadhaa zinazofuatana: ya kwanza inaingia na wimbo, ya pili inaurudia ikiwa juu au chini yake, ya tatu vivyo hivyo, na zote zinaendelea pamoja bila kugongana. Kama umewahi kuimba kwaya unajua kazi iliyopo kumfanya kila mtu ashike njia yake. Sasa fikiria kuipanga yote kichwani, ukiwa na njaa na baridi, bila chombo cha kujaribia, mara 24, katika kila ufunguo wa meja na maina.

Johann Sebastian Bach aliweka mfano wa kazi ya namna hii karne ya 18. Shostakovich naye aliandika preludi na fuga zake 24 maarufu mwaka 1950 na 1951. Zaderatsky alimtangulia kwa zaidi ya miaka kumi, ila hakuna aliyejua.

Baada ya kuachiwa alihamahama, akaishia kufundisha Lviv, na akafa mwaka 1953 bila kuona kazi zake kubwa zikichapishwa. Familia ndiyo iliyotunza karatasi. Mwanawe, aliyekuja kuwa msomi wa muziki, alitumia miaka mingi kuzitoa gizani.

Anza na: Preludi 24 za mwaka 1934, ambazo ni fupi na rahisi kuingia. Zikikushika, nenda kwenye preludi na fuga za Kolyma. Mpiga piano Jascha Nemtsov amezirekodi zote.

2. NIKOLAI ROSLAVETS (1881–1944)

Huyu alikuwa mvumbuzi. Kabla ya mapinduzi alibuni mfumo wake mwenyewe wa kujenga muziki juu ya kundi moja la sauti, badala ya kufuata meja na maina za kawaida. Matokeo yake ni muziki unaoelea, kama moshi wa udi chumbani: unajua upo, lakini hujui unakokwenda.

Mwanzoni aliunga mkono mapinduzi na kushika nafasi za juu katika mambo ya muziki. Baadaye wapinzani wake, waliojiita wanamuziki wa tabaka la wafanyakazi, wakamgeuka. Alilazimika kuondoka Moscow kwa muda na kwenda kufanya kazi Tashkent. Alipokufa mwaka 1944 nyumba yake ilipekuliwa na miswada ikachukuliwa. Mjane wake alifanikiwa kuficha sehemu yake, na baadaye akaikabidhi kwenye hifadhi ya nyaraka ya serikali. Yeye mwenyewe alizikwa kaburi lisilo na alama. Kati ya sonata zake za piano, nyingine hazijapatikana hadi leo.

Anza na: Preludi Tano za piano. Marc-André Hamelin wa Kanada amezipiga kwa ustadi mkubwa.

3. ALEXANDER MOSOLOV (1900–1973)

Mzaliwa wa Kyiv. Kama unapenda muziki wenye vurugu na nguvu, huyu ni wako. Anajulikana kwa kipande kimoja cha okestra cha miaka ya 1920 kinachoiga kelele za kiwanda cha chuma, kiasi kwamba kuna karatasi ya bati halisi inayotikiswa jukwaani. Sonata zake za piano za miaka hiyohiyo zina roho ileile: mkono wa kushoto unagonga kama mashine, wa kulia unalia juu yake.

Novemba 1937 alikamatwa na kuhukumiwa miaka minane kambini. Walimu wake wawili wa zamani, Reinhold Glière na Nikolai Myaskovsky, waliandika barua kwa wakubwa kumtetea. Kipindi hicho kumtetea mfungwa ilikuwa kujiweka mwenyewe hatarini. Barua ilifanya kazi, na Agosti 1938 aliachiwa, ingawa alizuiwa kuishi Moscow, Leningrad na Kyiv kwa miaka mitano. Alirudi kwenye utunzi, lakini muziki wake wa baadaye ni mpole na wa tahadhari. Ukisikiliza wa kabla na wa baada utadhani ni watu wawili. Sonata yake ya tatu imepotea.

Anza na: Nokteni Mbili, Op. 15. Ni fupi. Halafu Sonata ya 5.

4. SAMUIL FEINBERG (1890–1962)

Alizaliwa Odessa, akakulia Moscow, na kufundisha katika Chuo cha Muziki cha Moscow kuanzia 1922 hadi alipofariki. Kwa umma alikuwa mpiga piano mkubwa, bingwa wa Bach. Mkusanyiko mzima wa Bach wa preludi na fuga 48 aliupiga jukwaani, kisha akaurekodi akiwa mzee, kati ya 1958 na 1961.

Wachache walijua kwamba alikuwa mtunzi pia, mwenye sonata 12 za piano. Za mwanzo zina giza na homa, nota zimejaa ukurasa kama siafu. Sonata ya 3, inayohesabiwa na wengi kuwa kubwa kuliko zote, haikuchapishwa akiwa hai. Feinberg hakufungwa. Aliweka zile kali kando, akaandika muziki mwepesi zaidi na kuendelea na darasa lake. Kunusurika kwake kulikuwa huko, katika kukaa kimya.

Anza na: Largo ya Bach aliyoipanga upya kwa piano, kutoka sonata ya kinanda cha kanisani BWV 529. Ni tulivu mno, nzuri kwa usiku. Kisha Sonata ya 1. Rekodi ya Hamelin ya sonata sita za kwanza ilitoka mwaka 2020.

5. NIKOLAI MEDTNER (1880–1951)

Rafiki mkubwa wa Rachmaninoff, hadi wakatunukiana konserto: Medtner alimpa Rachmaninoff ile yake ya pili, naye Rachmaninoff akamrudishia ya nne. Mmoja akawa tajiri na maarufu, mwingine akahangaika.

Medtner aliondoka Urusi mwaka 1921, akapita Ujerumani na Ufaransa, akaishia London. Hakupenda muziki wa kisasa na hakuficha. Aliandika sonata 14 za piano na vipande vifupi zaidi ya thelathini alivyoviita “skazki”, neno la Kirusi lenye maana ya ngano. Ni jina linalowafaa. Kila kimoja kinaanza kama bibi aliyekaa kwenye mkeka na watoto wamemzunguka.

Miaka ya 1940 alikuwa mgonjwa wa moyo na hana fedha. Msaada ukatoka mahali pasipotarajiwa: Mysore, kusini mwa India. Mtawala wa huko, Maharaja Jayachamaraja Wadiyar, alikuwa mpenzi wa piano, na akagharamia Medtner arekodi kazi zake mwenyewe kwenye santuri. Medtner akamtunukia konserto yake ya tatu. Leo tunaweza kumsikia Medtner akipiga Medtner kwa sababu mtu mmoja, maili maelfu kutoka Moscow na London, alitoa pesa yake.

Anza na: Sonata-Reminiscenza, Op. 38 Na. 1. Ni robo saa hivi, na wimbo wake wa kwanza utakurudia siku nzima. Rekodi ya Emil Gilels ni ya kutafuta.

6. MIECZYSŁAW WEINBERG (1919–1996)

Mzaliwa wa Warsaw, Poland, katika familia ya Kiyahudi. Septemba 1939 Wajerumani walipovamia, alikimbia kwa miguu kuelekea mashariki pamoja na mdogo wake wa kike. Viatu vya binti huyo vikawa vinamuumiza, akaamua kurudi nyumbani. Weinberg aliendelea peke yake. Wazazi na mdogo wake waliuawa na Wanazi. Yeye akapona.

Alisoma Minsk, vita vikamsukuma tena hadi Tashkent, na mwaka 1943 Shostakovich akamwita Moscow baada ya kuona simfoni yake ya kwanza. Wakawa marafiki wa kudumu. Mwaka 1948 baba mkwe wake, mwigizaji mashuhuri Solomon Mikhoels, aliuawa kwa amri ya Stalin. Februari 1953 Weinberg naye akakamatwa. Shostakovich akaandika barua kumwombea. Machi Stalin akafa, na Aprili Weinberg akatoka.

Aliandika mno: simfoni zaidi ya 20, kwarteti 17, sonata sita za piano. Kwa muda mrefu watu walimwita kivuli cha Shostakovich. Siku hizi, hasa baada ya mwaka 2010, kazi zake zinapigwa Ulaya na Marekani, na watu wanagundua kwamba kivuli hicho kilikuwa na sauti yake.

Anza na: Daftari za Watoto (Op. 16, 19 na 23), vipande vifupi vifupi vya mwaka 1944 na 1945. Usidanganywe na jina, maana chini ya michezo ya watoto kuna huzuni ya mtu mzima. Kisha Sonata ya 4.

7. GALINA USTVOLSKAYA (1919–2006)

Huyu si wa kusikiliza ukiwa unapika. Ustvolskaya wa St Petersburg alisoma kwa Shostakovich, na mwalimu alimheshimu mwanafunzi wake kiasi cha kuingiza wimbo wake ndani ya kwarteti yake ya tano. Lakini Ustvolskaya hakutaka kuwa tawi la mtu. Alijifungia katika nyumba ndogo, akakwepa waandishi wa habari, na akakubali kama zake kazi chache tu. Nyimbo alizoandika kwa agizo la serikali ili apate mkate hakuziweka kwenye orodha yake.

Sonata zake za piano ni sita: nne kati ya 1947 na 1957, kisha kimya, halafu mbili za mwisho 1986 na 1988. Katika Sonata ya 6 mpiga piano hagusi kibonye kimoja kimoja. Anaporomosha vingi kwa pamoja, kwa viganja, ngumi na mkono hadi kwenye kiwiko, kwa nguvu ya juu kabisa. Kwa dakika saba hivi piano inapigwa kama mlango wa mtu anayeomba kufunguliwa. Halafu, karibu na mwisho, kinakuja kipande cha utulivu ambacho kinashtua kuliko kelele zote.

Anza na: Preludi 12 za mwaka 1953. Ukiona unaweza, nenda Sonata ya 6. Punguza sauti kwanza kabla ya kuvaa spika za masikioni.

8. NIKOLAI KAPUSTIN (1937–2020)

Tumemweka mwisho kama chai baada ya mlo. Kapustin alizaliwa Horlivka, mashariki mwa Ukraine, akasomea piano Moscow kwa mwalimu mkubwa Alexander Goldenweiser, na kumaliza mwaka 1961. Kila mtu alitegemea atakuwa mpiga piano wa kumbi za heshima. Yeye akajiunga na bendi ya jazi ya Oleg Lundstrem na kuzunguka nayo nchini kwa miaka kumi na moja.

Na hapa usichanganye na “jazi” ya majina ya bendi zetu za dansi za zamani. Hii ni jazi ya Kimarekani, ya akina Oscar Peterson. Ukiisikiliza utaapa kwamba Kapustin anabuni papo hapo. Hapana. Kila nota imeandikwa, na miundo ni ya kizamani: sonata, preludi, fuga, etudi. Mwenyewe alisisitiza kwamba yeye si mwanajazi bali ni mtunzi.

Ameacha kazi 161 zenye namba, zikiwemo sonata 20 na konserto sita za piano. Kwa miaka mingi zilijulikana na watu wachache tu. Kisha wapiga piano kama Nikolai Petrov, Steven Osborne na Hamelin wakaanza kumrekodi, na intaneti ikamaliza kazi. Tofauti na wenzake hapo juu, Kapustin aliwahi kuona vijana wa Japani, Korea na Marekani wakimenyana na nota zake. Alifariki Moscow tarehe 2 Julai 2020.

Anza na: Etudi Nane za Onyesho, Op. 40 (1984). Ya kwanza haifiki dakika tatu. Usiposogeza kichwa, angalia mapigo yako.

JINSI YA KUWATAFUTA KWENYE SIMU

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu nne.

Majina yana tahajia nyingi. Kirusi kinaandikwa kwa herufi tofauti, na kila nchi inazigeuza kivyake. Mosolov ni Mossolow kwa Wajerumani. Roslavets ni Roslawez. Ustvolskaya ni Ustwolskaja. Weinberg kwenye santuri za zamani ni Vainberg au Vaynberg. Usipopata kwa tahajia moja, jaribu nyingine.

Njia ya mkato ni jina la Kirusi lenyewe. Nakili hili na ulibandike kwenye sehemu ya kutafutia: Задерацкий, Рославец, Мосолов, Фейнберг, Метнер, Вайнберг, Уствольская, Капустин. Utafungua mlango ambao herufi za kawaida haziufungui, zikiwemo rekodi za zamani za kampuni ya Kisovieti ya Melodiya.

Tumia namba ya kazi. “Sonata” peke yake italeta mia. Ongeza “Op.” na namba, mfano “Kapustin Op. 40”, na utafika moja kwa moja.

Angalia nota zikitembea. YouTube ina video nyingi zinazoonyesha ukurasa wa nota huku muziki ukipigwa. Hata kama husomi nota, macho yatakusaidia kuona sauti ngapi zinakwenda pamoja. Kama bando ni dogo, shusha ubora wa picha hadi chini kabisa. Picha haina haja ya kung'aa.

Na kwa wanaopiga wenyewe: maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, iliyoanza mwaka 2006, ina nota nyingi za bure ambazo muda wa hakimiliki umekwisha. Za Medtner ziko kwa wingi. Za Kapustin ni suala jingine, kwani amefariki juzi tu na kazi zake bado zina mwenyewe. Zinauzwa, na ni haki zinunuliwe.

KAMA UNA NUSU SAA TU

Fuata mpangilio huu: Kapustin, etudi ya kwanza ya Op. 40, ili uchangamke. Largo ya Bach na Feinberg, upumue. Sonata-Reminiscenza ya Medtner, utulie. Malizia na preludi moja na fuga yake kutoka Kolyma.

Ukifika hapo mwisho, kumbuka safari ya karatasi hizo. Mlinzi mmoja aliitoa fomu ya telegramu. Mke na mtoto waliitunza. Mjane wa Roslavets alificha alichoweza, walimu wa Mosolov waliandika barua, Maharaja alitoa fedha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeandika nota moja ya muziki huo, lakini bila wao usingekuwa na cha kusikiliza leo. Na sonata ya tatu ya Mosolov, ambayo haikupata mtu wa namna hiyo, haijulikani iliko mpaka sasa.